Pungu wa Rapsu: Tai anayesubiri miaka saba kuvaa vazi la utu uzima

MTU anayetazama anga ya Rapsu, Kaunti ya Isiolo, jua linapoanza kupanda, ana nafasi nzuri ya kuona tai wawili wanaotofautiana kama mbingu na ardhi. Wa kwanza ni mweusi wa kukoza, uso na miguu yake ni myekundu, upande wa chini wa mabawa yake ni mweupe, na mkia wake ni mfupi mno hata humfanya aonekane kana kwamba amekatwa. Wa pili ni wa kahawia tupu kutoka kichwani hadi mkiani, uso wake una rangi ya kijivu inayoelekea samawati, na mkia wake ni wa kadiri kama wa tai mwingine yeyote.

Wengi huwahesabu kuwa ndege wa aina mbili. Ukweli ni kwamba wote wawili ni pungu. Yule mweusi ni mzazi, na yule wa kahawia ni kijana ambaye bado hajamaliza safari ndefu ya kubadilisha manyoya. Safari hiyo huchukua takriban miaka saba au minane, muda ambao mtoto wa binadamu hutoka mgongoni mwa mamaye hadi akaingia shule ya msingi.

Makala haya yanaeleza jinsi manyoya ya kijana wa pungu yanavyoota, yanavyonyonyoka na kubadilika rangi. Namna ya kukadiria umri wa ndege huyu kwa kumtazama tu. Na kwa nini elimu hiyo ina uzito kwa watu wanaoishi naye katika nchi kavu ya Garbatulla.

Jina na makao yake

Wanasayansi humwita pungu Terathopius ecaudatus. Neno hilo la pili ni la Kilatini na maana yake ni asiye na mkia. Wafaransa humwita bateleur, yaani mwanasarakasi, jina alilopewa na msafiri François Levaillant aliyezuru kusini mwa Afrika katika miaka ya 1780. Sababu ya jina hilo ni mruko wake: pungu huyumba upande mmoja hadi mwingine angani, mfano wa mtu anayetembea juu ya kamba huku akitumia mikono kujisawazisha.

Jina la Kiswahili nalo lina jamaa zake mbali. Washona wa Zimbabwe humwita ndege huyu chapungu, na wapo wanaoamini kwamba yeye ndiye aliyechongwa katika sanamu za ndege za mawe zilizopatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, ingawa wengine humtaja fukombe, yule tai anayevua samaki.

Pungu ni ndege wa Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara, na wachache huonekana pia kusini magharibi mwa Bara Arabu. Mwili wake una urefu wa kati ya sentimita 55 na 70, na mabawa yake yakitanuliwa hufikia kati ya sentimita 160 na 190. Hupenda nchi ya wazi yenye migunga na miti mingine iliyotawanyika, ambako hupitisha sehemu kubwa ya mchana akiruka chini chini akitafuta nyoka, ndege, wanyama wadogo na mizoga.

Rapsu ina sifa zote hizo. Eneo hili limo katika nchi ya Waborana ya Garbatulla, si mbali na Hifadhi ya Kitaifa ya Bisanadi, ambayo nayo imepakana na Mbuga ya Kitaifa ya Meru iliyotangazwa rasmi mwaka 1966. Wenyeji hufuga ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia, na baadhi yao hulima kwa kunyunyizia mashamba maji. Pungu hawatambui mipaka ya mbuga. Ndege aliyelala ndani ya hifadhi usiku huweza kuwa juu ya malisho ya mifugo kabla ya saa sita mchana.

Unyoya ni nini?

Ili kuelewa mabadiliko ya pungu, yafaa tuanze na unyoya wenyewe. Unyoya umejengwa kwa keratini, ambayo ni protini ya aina inayofanana na ile inayojenga kucha na nywele za binadamu. Huota kutoka katika kishimo kidogo cha ngozi. Unapoanza kuota hufungwa ndani ya ala mfano wa mrija mwembamba, na damu hupita ndani yake kuulisha. Ukishakomaa, damu hukatika, ala hupasuka na unyoya hutanuka. Kuanzia hapo unyoya ni kitu kisicho na uhai. Ukivunjika haujiungi, na ukichakaa haujitengenezi.

Na hauna budi kuchakaa. Jua la Isiolo huufifisha rangi, vumbi na mchanga huusugua, miiba ya migunga huupasua kingo, na wadudu wanaoishi mwilini mwa ndege huutafuna. Unyoya uliochakaa haushiki hewa vizuri, na kwa ndege anayetegemea mabawa kutafuta chakula kutwa nzima, hilo ni jambo la kufa na kupona. Kwa sababu hiyo ndege wote, kuanzia shomoro hadi mbuni, hunyonyoka manyoya ya zamani na kuotesha mapya.

Anayefuga kuku ameliona jambo hili nyumbani. Kuna majira kuku hupukutika manyoya, akabaki na mapengo shingoni na mgongoni, na kwa kipindi hicho hupunguza au kusitisha kabisa kutaga. Hajaugua. Kuotesha manyoya hudai protini nyingi, na mwili wake umeamua kulipa deni moja kabla ya kuingia jingine.

Rangi nayo ina kazi zaidi ya urembo. Weusi na kahawia ya manyoya hutokana na chembe za melanini, na unyoya wenye melanini nyingi huwa mgumu kuchakaa kuliko ule mweupe. Ndiyo maana ndege wengi weupe wanaosafiri masafa marefu, kama vile korongo mweupe anayetujia kutoka Ulaya, wana manyoya meusi mwishoni mwa mabawa, mahali panapopigwa na upepo kuliko kwingine.

Namna mbili za kunyonyoka

Ndege hawanyonyoki kwa mtindo mmoja. Bata bukini wa Misri, anayeonekana kwenye mito na mabwawa ya sehemu nyingi za Kenya, huangusha manyoya yote ya kurukia kwa wakati mmoja. Kwa wiki kadhaa hawezi kuruka, na usalama wake huwa ni maji. Bata anaweza kufanya hivyo kwa kuwa chakula chake kipo pale pale alipo.

Tai hana nafasi hiyo. Akikosa kuruka kwa wiki tatu, atakufa njaa. Kwa hiyo yeye hubadilisha manyoya machache kwa zamu. Kila bawa la tai lina manyoya kumi marefu ya nje, na mabadiliko huanzia kwenye unyoya wa ndani wa kundi hilo yakielekea nje, mmoja baada ya mwingine. Katika ndege wakubwa, wimbi la kwanza hukawia kufika mwisho wa bawa, na kabla halijafika, wimbi la pili huwa limeanza tena ndani. Matokeo yake ni kwamba bawa moja la tai huweza kubeba manyoya ya vizazi viwili au vitatu kwa wakati mmoja: yaliyofifia ya mwaka juzi, yaliyochakaa kidogo ya mwaka jana, na yanayong'aa ya mwaka huu.

Kwa mtaalamu, bawa la namna hiyo ni kama kitabu cha kumbukumbu. Huko Ngulia, katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, ambako ndege wahamiaji wamekuwa wakinaswa usiku, kuvishwa pete na kuachiliwa tangu mwaka 1969, kazi ya kutambua umri wa ndege hutegemea sana usomaji huu wa manyoya mapya na ya zamani.

Vazi la kwanza

Pungu jike hutaga yai moja tu, katika tundu la vijiti lililojengwa kwenye matawi ya mti mkubwa. Yai huatamiwa kwa siku kati ya 52 na 59. Kinda hutoka likiwa na manyoya laini kama pamba yasiyofaa kwa kuruka. Polepole, manyoya halisi husukuma yale laini na kuchukua nafasi yake, na kwa kawaida baada ya miezi mitatu na nusu au minne kinda huwa tayari kuliacha tundu. Hata hivyo haliendi mbali. Wazazi huendelea kulilisha kwa miezi kadhaa.

Vazi hilo la kwanza ni la kahawia. Manyoya ya kichwani ni ya rangi nyepesi zaidi kuliko ya mwilini, macho ni ya kahawia, na ngozi ya uso isiyo na manyoya ni ya kijivu yenye samawati au ukijani. Miguu ni ya rangi hafifu, isiyo na dalili yoyote ya wekundu. Kwa kuwa manyoya yote yaliota kwa pamoja tunduni, yana umri mmoja na yamechakaa kwa kiasi kimoja. Hii ni alama muhimu: tai mwenye vazi lililo sawasawa kila mahali, lisilo na viraka, aghalabu ni wa mwaka wake wa kwanza.

Kitu kingine ni mkia. Mkia wa kijana ni mrefu kuliko wa mzazi wake. Pungu mzima akiruka, nyayo zake huchomoza nyuma ya mkia. Kijana akiruka, mkia hupita nyayo. Kila anapobadilisha manyoya ya mkia, mapya huota yakiwa mafupi kuliko yaliyoanguka. Ndege huyu basi hukua kwa kupunguza, jambo lisilo la kawaida. Wataalamu wengi huona kwamba mkia mrefu humsaidia ndege asiye na uzoefu kujisawazisha angani, na kwamba akishaumudu mruko wa kuyumba, msaada huo hauhitajiki tena.

Mwaka baada ya mwaka

Hakuna tarehe kamili ya kila badiliko. Ndege hutofautiana kwa afya, chakula na mahali. Hata hivyo mpangilio wa jumla unafahamika.

Katika mwaka wa kwanza na wa pili, pungu ni wa kahawia. Manyoya ya kwanza yanapoanguka, yanayoyafuata nayo huwa ya kahawia, ingawa pengine ya kukoza zaidi. Huu ndio wakati ambapo watu wengi hawamtambui kabisa.

Katika mwaka wa tatu na wa nne, weusi huanza kujipenyeza. Madoa meusi hujitokeza kifuani na kichwani, na ngozi ya uso huanza kuacha ule ukijivu na kuelekea kijani na umanjano. Kwa mbali ndege huonekana mchafu, mwenye viraka, kana kwamba ametoka katika majivu. Viraka hivyo si ugonjwa. Ni manyoya ya miaka tofauti yakiwa yamekaa bega kwa bega.

Katika mwaka wa tano na wa sita, kichwa na kifua huwa vimetawaliwa na weusi, mgongo na mkia huchukua rangi ya hudhurungi yenye wekundu, weupe hutanda chini ya mabawa, na uso na miguu huelekea kwenye wekundu. Mkia umekwisha kuwa mfupi.

Katika mwaka wa saba au wa nane, vazi hukamilika. Kwa kawaida, hapo ndipo ndege huwa tayari kutafuta mwenzi na kujenga tundu lake mwenyewe.

Kati ya vazi la kwanza na la mwisho, rangi ya manyoya pia hufichua jambo ambalo vazi la kahawia lililificha: jinsia. Pungu jike akiruka, upande wa chini wa bawa ni mweupe hadi karibu na ukingo wa nyuma, ambako kuna mstari mwembamba mweusi. Dume naye ana ukanda mpana mweusi mahali hapo hapo. Wakitua, jike huonyesha eneo la kijivu kwenye bawa lililokunjwa, ilhali dume ni mweusi mahali hapo. Tofauti hii huanza kuonekana katika miaka ya kati, kabla vazi halijakamilika.

Kwa nini kuchelewa?

Swali linalojitokeza ni hili: kwa nini ndege asivae vazi la utu uzima mapema, kama wafanyavyo ndege wadogo ambao huzaa wakiwa na umri wa mwaka mmoja?

Jibu la kwanza linahusu maisha ya ndege mwenyewe. Tai huishi muda mrefu na huzaa polepole. Kutafuta chakula kwa kuruka mchana kutwa ni ufundi unaochukua miaka kuumudu, na kijana anayejaribu kulea kinda kabla hajaweza kujilisha vyema atapoteza kinda na huenda akapoteza na uhai wake.

Jibu la pili linahusu majirani. Pungu wazima hulinda eneo la tundu dhidi ya pungu wengine. Rangi ya kahawia ni kama tangazo kwamba mwenye kuivaa bado si mshindani, hataki mwenzi wala hataki ardhi. Wataalamu wengi wanaamini kwamba tangazo hilo humpunguzia kijana mashambulizi ya wakubwa wake. Juu ya hayo, kahawia humficha vizuri zaidi anapokuwa ametulia mtini.

Pungu hayuko peke yake katika utaratibu huu. Mvuvi wa Malindi au Lamu anaujua kupitia shakwe. Kwenye mlango wa Mto Sabaki huonekana shakwe wakubwa wahamiaji kutoka kaskazini, baadhi yao wakiwa wa madoadoa ya kahawia na wengine wakiwa na migongo ya kukoza na matumbo meupe. Shakwe wakubwa huhitaji takriban miaka minne kukamilisha vazi, ilhali wadogo, kama shakwe mwenye kichwa cha kijivu anayepatikana katika Ziwa Turkana na Ziwa Viktoria, huhitaji takriban miaka miwili. Fukombe naye, ambaye kichwa chake cheupe kinajulikana na wengi, huanza maisha akiwa wa kahawia yenye michirizi na huchukua miaka minne au mitano. Kanuni ni moja: kadiri ndege anavyoishi muda mrefu na kuzaa kwa uchache, ndivyo anavyochelewa kuvaa vazi la wazazi. Pungu yumo miongoni mwa wanaochelewa zaidi.

Wa kahawia si mmoja

Usilolijua ni kama usiku wa giza, wahenga walisema. Nchi kavu ya Isiolo ina tai kadhaa wa kahawia, na ni rahisi kumpa mmoja jina la mwingine. Wawili ndio huchanganywa zaidi na kijana wa pungu.

Yupo tai wa kahawia mlanyoka, Circaetus cinereus. Huyu ni wa kahawia ya kukoza hata akiwa mzima, ana miguu mitupu ya rangi hafifu na kichwa kikubwa, sifa anazofanana nazo na kijana wa pungu. Kinachowatenganisha ni macho: ya mlanyoka ni ya manjano makali, ya kijana wa pungu ni ya kahawia. Aidha, mlanyoka hana ile ngozi pana tupu usoni.

Yupo pia tai wa rangi ya hudhurungi nyepesi, Aquila rapax, anayependa mizoga kama pungu. Mtazame miguu: manyoya yake hushuka hadi kwenye vidole, mithili ya suruali ndefu. Miguu ya pungu ni mitupu.

Akiwa angani, mruko humtambulisha pungu wa umri wowote. Mabawa yake marefu huinuliwa kidogo juu ya mgongo, hupigwa kwa nadra, na mwili huyumba kushoto na kulia bila kukoma.

Hesabu ya weusi na wa kahawia

Mpaka hapa msomaji anaweza kuuliza: je, hii yote ina faida gani kwa mfugaji ambaye jambo linalomkosesha usingizi ni fisi na simba?

Faida ya kwanza ni hesabu. Kwa kuwa umri wa pungu umeandikwa katika manyoya yake, mtu anayehesabu ndege hawa barabarani hapati idadi tu. Anapata pia picha ya familia: wangapi ni wazazi, wangapi ni vijana. Leslie Brown, afisa wa kilimo aliyewachunguza tai wa Embu kwa miaka mingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, aliitambua thamani hiyo. Mwaka 1972 yeye na Tom Cade walichapisha utafiti kuhusu makundi ya umri ya pungu na fukombe, wakitumia rangi za manyoya kukadiria jinsi jamii za ndege hao zinavyojijaza upya.

Mahali ambapo weusi wapo na wa kahawia hawaonekani mwaka baada ya mwaka, matundu hayatoi makinda. Mahali ambapo wa kahawia wanazurura lakini jozi za weusi zimetoweka, wazazi wamekufa, na vijana wanaoonekana huenda wametoka kwingine. Anayewachukulia kuwa ndege wa aina mbili hataona hatari yoyote kati ya hizo mbili.

Faida ya pili ni kuelewa uzito wa kifo kimoja. Tufanye hesabu nyepesi. Jozi ya pungu hutaga yai moja kwa msimu. Si kila yai huanguliwa, si kila kinda huruka, na si kila kijana hufikia vazi jeusi. Jozi ikifa leo, hata kinda lililoanguliwa mwezi huu na kunusurika hatari zote litakuwa tayari kuziba pengo hilo baada ya miaka saba au minane. Mbuzi aliyepotea huweza kufidiwa na mwingine katika msimu mmoja au miwili ya mvua. Pungu mzazi hafidiwi kwa kasi hiyo.

Na pengo linapanuka. Mwaka 2020 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) ulimweka pungu katika orodha ya ndege walio hatarini kuangamia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ukiongozwa na Darcy Ogada wa shirika la The Peregrine Fund ulilinganisha hesabu za barabarani zilizofanywa nchini Kenya katika miaka ya 1970 na zile za kati ya 2003 na 2020, ukaonyesha kupungua kwa sehemu kubwa ya ndege wawindaji waliochunguzwa. Utafiti mwingine wa mwaka 2024, uliohusu spishi 42 za ndege wawindaji wa Afrika, ulibaini kuwa asilimia 88 kati yao zilikuwa zimepungua, na kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi nje ya maeneo yaliyohifadhiwa.

Sumu isiyochagua

Sababu ni nyingi: kukatwa kwa miti mikubwa ya matundu, kupungua kwa windo na kusumbuliwa wakati wa kulea. Lakini kwa pungu, sumu ina nafasi ya pekee.

Simba au fisi akiua ng'ombe, mwenye mali huona uchungu wa haki. Baadhi ya watu hunyunyizia mzoga dawa ya kuua wadudu wa mimea ili mshambulizi akirudi usiku afe. Lakini kabla ya usiku kuna mchana, na mchana wenye macho makali angani ni pungu. Kwa kuwa huruka chini na mapema, na hugundua hata vipande vidogo vya nyama, mara nyingi yeye ni miongoni mwa wa kwanza kufika. Anaweza kufa hata kabla ya yule aliyetegewa kufika.

Dawa iliyopata sifa mbaya zaidi katika visa hivi ni kabofurani. Mwaka 2009, baada ya vifo vya simba kutangazwa katika televisheni ya Marekani, kampuni ya FMC iliyokuwa ikiitengeneza ilitangaza mpango wa kuinunua tena kutoka kwa wauzaji wa Kenya na kuiondoa madukani. Hata hivyo, visa vya kutega sumu nchini havikukoma, kwani zipo dawa nyingine za shambani zinazoweza kutumiwa vibaya.

Zipo njia nyingine za kulinda mifugo: boma imara, mbwa wa kubweka na wachungaji wa kutosha. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 nayo inaweka utaratibu wa kudai fidia kwa mifugo iliyouawa na wanyamapori waliotajwa. Wafugaji wengi wana malalamiko kuhusu kasi ya fidia hiyo, na malalamiko hayo yanastahili kusikizwa. Lakini mzoga wenye sumu haumrudishii mtu ng'ombe wake. Huua tai, humuua mbwa wa nyumbani, na huhatarisha mtoto anayeugusa.

Anayekuta ndege kadhaa wamekufa karibu na mzoga asiwaguse kwa mikono mitupu wala kuruhusu mifugo na mbwa kusogea. Apeleke habari kwa kituo cha karibu cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) au kwa chifu.

Jinsi ya kumsoma pungu

Kwa mwalimu, mwanafunzi au mchungaji wa Rapsu anayetaka kuanza kuhesabu, maswali matano yanatosha.

Kwanza, je, anayumba angani na kuinua mabawa juu kidogo ya mgongo? Ikiwa ndiyo, huenda ni pungu.

Pili, je, nyayo zinapita mkia, au mkia unapita nyayo? Nyayo zikipita, ni mzima au anakaribia.

Tatu, uso una rangi gani? Kijivu na samawati ni wa miaka ya mwanzo. Kijani na manjano ni wa miaka ya kati. Nyekundu ni wa miaka ya mwisho. Ikumbukwe kwamba hata wekundu wa mzima huweza kufifia na kurudi kwa muda mfupi, kwa hiyo uso pekee usitumiwe kuamua.

Nne, je, vazi ni sawasawa au lina viraka? Kahawia iliyo sawasawa ni wa mwaka wa kwanza. Viraka vyeusi na vya kahawia ni wa mwaka wa tatu na kuendelea.

Tano, ukingo mweusi wa nyuma ya bawa ni mwembamba au ni mpana? Mwembamba ni jike, mpana ni dume. Swali hili huulizwa tu kwa ndege ambaye weupe wa chini ya bawa umekwisha kujitokeza.

Majibu yaandikwe pamoja na tarehe, saa na mahali. Shirika la Nature Kenya, lililoanza mwaka 1909 kama chama cha wapenda maumbile wa Afrika Mashariki na Uganda, pamoja na idara ya ndege ya Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, ni mahali ambapo kumbukumbu za namna hii zina manufaa. Nakala moja ya siku moja haina mengi ya kueleza. Daftari la miaka minane, kutoka mahali pamoja, lina uwezo wa kuonyesha kama kinda lililotoka tunduni Rapsu lilifika kuwa mzazi, na hilo ndilo swali ambalo mustakabali wa pungu nje ya mipaka ya mbuga unategemea.